Mama Rehema, Wametupa Chumvi Yako

Mama Rehema,

Usishtuke. Ni mimi, Mama Tluway, na mkono unaoandika hapa ni wangu mwenyewe. Nimenunua daftari la mistari mipana, lile la watoto wa darasa la kwanza. Muuzaji akaniuliza, "Bibi, la mjukuu hilo?" Nikamwambia ndiyo, la mjukuu, kwa sababu siri yetu bado ni siri. Nimekaa mlangoni penye mwanga tangu nilipomaliza chai, na kuku wamekuja mara mbili kuniangalia kama bado ninapumua. Neno moja linanichukua muda wa kupepeta sinia zima la mahindi. Lakini nitaandika hivyo hivyo, kwa sababu nina hasira, na mtu niliyekuwa nampelekea hasira zangu pale dirishani pa duka alikuwa wewe.

Wametupa chumvi yako.

Wala si wezi. Ni Rehema, mwanao wa kumzaa, aliyesoma mpaka chuo, mwenye mimba ya miezi mitano. Amebeba pakiti zote za chumvi akazitupa kwenye shimo la taka nyuma ya choo. Na unga, na maharage ya kopo, na samaki wa kopo, hata yale mafuta ya alizeti uliyokamua mwenyewe ukayatia kwenye chupa. Duka amelifunga kwa kufuli. Nilipopita nikaona kufuli saa nne ya asubuhi, nilihisi kama nimekuona unazikwa mara ya pili.

Nikuambie ilivyoanza.

Siku ya mazishi yako, udongo wa kaburi bado mbichi, wanawake waliokuwa wanamenya viazi nyuma ya nyumba walishaanza. "Duka lake ndilo limemla." "Kila siku vitu vya pakiti, ulitegemea nini?" Na huku wanapika! Wali ule umekaangiwa mafuta ya duka la nani? Chai waliyokunywa siku tatu mfululizo, majani ya nani, sukari ya nani? Niliinuka na mwiko mkononi. Nikawaambia, "Anayejua kilichomuua Mama Rehema kuliko daktari wake, asimame atuambie na sisi." Mmoja akajifanya anatafuta kisu. Lakini dirisha la chumba lilikuwa wazi, na Rehema alikuwa amekaa humo ndani kwenye godoro, na yote aliyasikia. Mimi kelele zangu zilizima midomo yao tu, masikio ya mtoto sikuyawahi.

Halafu ikaja ile Jumatano kwenye kikundi chetu cha akina mama. Alikuja binti mtaalamu wa lishe, mdogo, mstaarabu, akatuamkia wazee wote mmoja mmoja. Akasema vizuri kabisa, nilikuwa nimekaa mbele kwa sababu ya sikio langu: "Mama zangu, punguzeni vyakula vilivyosindikwa sana." Umeona? Vilivyosindikwa *sana*. Akavitaja: soda, juisi za unga, biskuti, soseji, zile tambi za dakika mbili. Akasema hivyo vimepita mikono mingi mpaka chakula chenyewe kimebaki jina. Halafu akasema kuna vingine vimesindikwa na ni vizuri, maziwa ya mgando, samaki waliokaushwa, unga ulioongezwa virutubishi, chumvi yenye madini joto. Mimi nilikuwa natingisha kichwa kama mjusi. Lakini kufikia hapo nusu ya wanawake walikuwa wanafunga kanga zao waondoke, mawingu yametanda na nguo ziko kambani.

Basi lile neno "sana" likaanguka njiani. Tulipofika kwenye kijiwe cha bodaboda lilikuwa halipo tena. Tulipoingia mtaani kwetu Bagara, Mama Elibariki, jirani yako wa ukuta kwa ukuta, alikuwa anawatangazia watu: "Tumeambiwa vyote vilivyosindikwa ni sumu. Kila cha pakiti, tupa."

Nikamvuta kanga. "Mama Elibariki, yule binti amesema *sana*."

Akanijibu, "Ndiyo, Mama Tluway, amesema sana! Saa nzima ameongea!"

Najua umecheka. Mimi sikucheka. Nilirudia mara tatu, na kila nikirudia ananiitikia, "Sana kweli, sana, mpaka nimeumwa mgongo." Na wenzake wakanitazama kwa huruma, ile huruma ya kumtazama bibi asiyekanyaga darasa. Nani ataniamini mimi nimesikia neno ambalo wao waliosoma hawakulisikia?

Na neno lenyewe, kusindika, unakumbuka nilivyolijua? Ulinipandisha bajaji mpaka Sigino kwenye ile mashine ya kukamua alizeti, masikio yanaziba kwa kelele, ukaniinamia: "Mama Tluway, huku ndiko kusindika!" Nikaona mbegu inaingia huku, mafuta yanatoka kule, mashudu yanabaki ya ng'ombe. Nikakuuliza, basi mama yangu kule Mbulu, aliyekuwa anaanika mboga juu ya jiwe tule kiangazi, na maziwa yake ya kwenye kibuyu yaliyokaa mpaka yakaganda, na yeye alikuwa anasindika? Ukasema ndiyo. Nikafurahi siku nzima. Mama yangu, kiwanda! Leo kwa maneno ya Mama Elibariki, mama yangu alikuwa anatulisha sumu.

Huyo huyo Mama Elibariki, na ninamsema kwa sababu nampenda, ni mwanamke wa moyo, siku saba za msiba wako alituchotea maji kila asubuhi. Huyo ndiye aliyemletea Rehema chumvi nyingine. "Ya asili, mwanangu, ya mawe, imetoka ziwani kama Mungu alivyoiweka, haijaguswa na kiwanda." Punje za kijivu kubwa kama meno ya mbuzi. Na unajua ameileta kwenye nini? Kopo la siagi ya dukani! Kopo ndilo limesamehewa.

Sasa hapo ndipo hasira yangu iliponishika kooni, na wewe peke yako ndiye unayejua kwa nini koo.

Unakumbuka siku ya kwanza? Nilikuja dirishani kwako kununua chumvi, nikakuambia nipe ile ya kupima kwa kikombe, ya kienyeji, ni rahisi. Ulikuwa umetoka Singida mwaka ule ule, hujajua hata majina ya watu. Ulitazama shingo yangu, uvimbe uliotokeza chini ya kitambaa. Watu wengi wanaitazama halafu wanaangalia pembeni, wewe ulitazama ukabaki. Ukasema, "Mama, shikamoo. Hilo rovu umelipata lini?" Watu wazima hawanisemeshi hivyo! Nikataka kukutukana. Badala yake nikavuta kiti.

Nilikuambia kwamba kule kwetu milimani, nilipokuwa msichana, shingo nene ilikuwa kitu cha kawaida, mama alikuwa nayo, shangazi alikuwa nayo, tulidhani mwanamke akikua shingo nayo inakua. Nikakuambia habari za Tluway. Kwamba nilimzaa akiwa mzito, hageuki ukipiga kelele, alitembea akiwa na miaka minne, na hajawahi kuniita mama mpaka leo ana mvi. Kwamba watu walisema nimelogwa, wengine wakasema nimekosea mizimu, na baba yake akasema maneno ambayo siwezi kuyaandika kwenye daftari la watoto. Na kwamba miaka mingi baadaye walikuja madaktari na gari kutazama shingo zetu, na mmoja akaniambia taratibu, mama, ni chumvi. Chumvi mliyokuwa mnakula haikuwa na kitu ambacho mtoto anakihitaji akiwa tumboni. Nilirudi nyumbani siku ile nikakaa chini. Miaka yote ile nimetafuta mchawi, kumbe ni kitu cha kumwagia kwenye mboga.

Wewe uliposikia ukachukua pakiti rafuni, ukaiweka mbele yangu, ukasema, "Basi na tuanze na hii." Nikadhani unaniuzia. Kumbe unanifundisha kusoma. Ch, u, m, vi. Miezi mitatu nilisoma pakiti ile moja. Wateja wakija unaificha, unasema, "Mama Tluway anachagua." Nilipofika kwenye "madini joto" nikakataa kata kata. Madini! Nilijua madini ni yale vijana wanayafuata Mirerani, nikadhani wametusagia mawe ya moto humo ndani. Ulicheka mpaka ukakaa juu ya gunia la mchele. Halafu ukanieleza kwamba ndicho kile kitu alichokisema daktari, na hukunicheka tena.

Na ukanifundisha ule msemo wako wa dukani: "Mbele ni picha, nyuma ndiyo habari." Tukageuza kila kitu. Ile juisi ya unga, mbele embe bivu linadondosha maji, nyuma nikasoma: *ladha ya embe*. Ladha! Nikapiga meza. Kumbe wajukuu zangu wananywa jina la embe, na maembe halisi yanaoza sokoni. Nikakufokea, "Na wewe mbona unauza?" Ukasema, "Nisipouza mimi watanunua duka la pili, na kule hakuna wa kuwaambia." Sikukubaliana na wewe siku ile, na leo bado sikubaliani na wewe, ujue.

Na kwa kuwa tumefika hapo, ngoja nikugombeze na wewe. Utanisamehe, umelala, huwezi kuinuka kunijibu.

Ulikuwa na sukari. Daktari alikuambia mbele yangu, mimi ndiye niliyekusindikiza, "Mama, soda acha." Ukasema ndiyo daktari. Tulipofika dukani ukafungua friji. Moja mchana, moja jioni, unasema duka lina joto, unasema hii ni ya mwisho. Nilikuwa nakaa pale dirishani nakutazama. Mwanamke aliyesoma nyuma ya pakiti za Bagara nzima, nyuma ya chupa yake hakusoma. Sisemi soda ndiyo iliyokuua, mimi si daktari. Lakini sisemi pia kwamba haikuwemo. Nilitakiwa kukunyang'anya ile chupa. Nilikuwa na nguvu za kukunyang'anya. Nilinyamaza kwa sababu wewe ni mwalimu na mimi ni mwanafunzi, na mwanafunzi hamnyang'anyi mwalimu. Upuuzi mtupu! Hapo daftari limelowa kidogo, usijali, nimeruka mstari.

Ndiyo maana juzi sikunyamaza.

Nilienda kwa Rehema saa tano asubuhi. Nilimkuta jikoni anasonga ugali, tumbo limeanza kuchomoza, macho yamevimba. Lile kopo la siagi lipo juu ya meza. Akaniamkia vizuri. Nikamwambia, "Marahaba. Hiyo chumvi usiitie kwenye chakula cha huyo mtoto."

Akasema, "Bibi, hii ni ya asili."

Nikasema, "Hata rovu ni la asili."

Akachoka na mimi. Akasema taratibu, kwa adabu, na adabu ndiyo iliyouma: "Bibi, mimi nimemzika mama yangu. Sitaki kitu cha pakiti kiingie mwilini mwangu. Nakuheshimu, lakini haya mambo yanataka mtu aliyesoma."

Mama Rehema, nilitoka nyuma, nikaenda kwenye lile shimo la taka. Nikapiga magoti, mimi na magoti yangu haya, nikaingiza mkono, nikatoa pakiti ya chumvi. Haikuwa imepasuka. Nikaifuta kwa kanga. Nikarudi jikoni, nikaishika mbali kidogo kwa sababu ya macho, nikaigeuza nyuma, nikasoma.

Nilisoma kwa sauti. Pole pole, kidole chini ya neno, kama ulivyonifundisha. "Chum-vi. Ye-nye. Ma-di-ni. Jo-to." Nikasoma na pale palipoandikwa kwamba ihifadhiwe pakavu, mbali na jua, kwenye chombo chenye mfuniko. Mwiko ukasimama kwenye sufuria. Ugali ukaungua, sote tulisikia harufu, hakuna aliyegeuka.

Rehema akasema, "Bibi, nani amekufundisha?"

Nikasema, "Mama yako. Kwa pakiti hii hii."

Akakaa chini kwenye kigoda. Nikafungua kitambaa changu cha shingoni. Unajua simfungulii mtu. Nikamwambia, weka mkono hapa. Akaweka. Halafu nikamwambia habari za Tluway. Anamjua Tluway tangu utotoni, ndiye aliyekuwa anambeba mgongoni tulipokuja kukutembelea, anampenda kama mjomba wake. Alidhani ni mipango ya Mungu tu. Nikamwambia, "Mungu nimeshamsingizia mengi, hili nalijua lilitoka wapi. Huyo uliye naye tumboni, masikio yake na akili yake vinajengwa sasa hivi, wakati unasonga ugali. Mimi sikujua, na hakuna aliyeniambia. Wewe umeambiwa, na mama yako alikuwekea nyumba nzima ya chumvi, na umeitupa jalalani."

Nilisema kwa ukali. Najua. Alilia na mimi nikamshika kichwa.

Halafu akaniuliza swali, na lilikuwa swali la haki: "Na sukari ya mama, Bibi? Nayo haikutoka kwenye lile lile duka?"

Nikamwambia kweli. Nikamwambia habari za friji na za ile chupa ya mwisho isiyokuwa ya mwisho. Nikamwambia vyote vimekaa rafu moja, chumvi na soda, maharage ya kopo na embe la jina, na kiwanda ni neno moja lakini vitu si kimoja. Na kwamba hata hiyo chumvi ni kidogo, si ya kujaza kiganja, maana nayo ukiizidisha presha inakusubiri mlangoni. Nikamwambia yule binti wa lishe alisema *sana*.

Rehema akanitazama. "Alisema vilivyosindikwa sana?"

"Sana. Niliwaambia wote. Wakaniambia ni kweli, ameongea sana."

Akacheka, Mama Rehema. Machozi na kamasi na kicheko, kama wewe juu ya gunia la mchele. Sijasikia kicheko nyumba ile tangu ulipoondoka.

Sikuambii amekubali yote. Ni mwanao, ana kichwa chako. Lakini alimwaga zile punje za kijivu, akaosha lile kopo la siagi, akalikausha, akatia chumvi ya pakiti humo, akaweka mfuniko. Kisha akachukua ufunguo wa duka tukaenda wote. Akafungua friji, ambalo siku ya kutupa alilisahau, akatoa chupa moja ya soda, akaigeuza nyuma. Akanipa mimi nisome. Maandishi madogo kama mayai ya chawa, macho yangu yakagoma. Basi akasoma yeye. Alisoma mpaka mwisho, akarudi akasoma tena sehemu ya sukari, akainamisha kichwa. Friji amelizima. Duka atalifungua Jumatatu. Cha watoto kunywa, amesema ataweka maziwa. Nikamwambia hapo umemzidi mama yako, na usiniambie nimekosea.

Sasa ahadi yangu, halafu nipumzishe mkono.

Jumatano ijayo binti wa lishe anarudi. Nitaomba kusimama. Nitageuza pakiti mbele ya akina mama wote, Mama Elibariki akiwa hapo mbele, na nitasoma kwa sauti, kidole chini ya neno. Siri yetu itaisha siku hiyo. Nimeitunza kwa sababu nilikuwa naona aibu kujifunza uzeeni, sasa naona aibu zaidi kujua na kunyamaza. Wakiniuliza aliyenifundisha nitakutaja kwa jina lako lote. Na kama neno "sana" litaanguka tena, nitaliokota na kulirudisha, kila Jumatano, mpaka wanichoke.

Mtoto akizaliwa nitamwita kwa sauti nikiwa nyuma yake. Akigeuka, nitakuja kaburini nikuambie.

Lala, mwalimu wangu. Tluway amekupandia maua pale, hakuna aliyemtuma. Na huko uliko kama kuna mtu anauza soda, kwanza igeuze.

Nakupenda sana. Hilo "sana" nimeliandika mwenyewe, kubwa, na kalamu nimeikandamiza, lisije likaanguka njiani.

Mwanafunzi wako mkubwa kuliko mwalimu,
Mama Tluway